Zamu ya Baba: mwongozo kwa aliyepata mtoto wa kwanza, ana kazi, ana mke na ana gitaa

Mimi ni fundi wa friji hapa Kisumu. Karakana yangu iko Kondele, kwetu ni Khwisero kule Kakamega, na tangu kidato cha pili napiga gitaa la omutibo, lile la kudonoa nyuzi kwa vidole huku mwenzako pembeni akikwaruza chupa ya Fanta kwa msumari. Mwaka jana mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Taji. Naandika haya kwa mwanamume ambaye mkewe ana mimba sasa hivi, na ambaye usiku anajiuliza kimoyomoyo kama ndio mwisho wa mpira wake, kwaya yake, au mashua yake pale Dunga.

Neno lililonichelewesha ni “kusaidia”. Wiki ya kwanza nilikuwa namwambia mke wangu, “Mama Taji, ukihitaji msaada niite.” Nilidhani nasema neno jema. Kumbe nilikuwa nimemfanya yeye msimamizi wa kila kitu na mimi kibarua anayengoja kutumwa. Amechoka, ana mshono, na juu ya hayo akumbuke kunituma. Hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo moja: kuna kazi ambazo zinapaswa kuwa zako kabisa, mtu asikukumbushe.

Hatua ya 1: Anza kuweka pesa mimba ikiwa na miezi mitano

Nilikuwa naweka shilingi 400 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki. Siku ya uchungu ilipofika zilikuwa takriban elfu arobaini. Sikuziacha kwenye laini ninayonunulia gesi na vipuri, maana pesa ya M-Pesa ya fundi haina mwenyewe. Zilikuwa kwenye akaunti ya mke wangu. Ukiweka hivyo, jua kwamba pesa hizi hazinunui kitanda cha mtoto wala kigari. Zinanunua siku ambazo hutafungua kazi.

Kama umeajiriwa, una haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa baba wiki mbili za likizo kwa mshahara kamili, na mama miezi mitatu. Andika barua mapema, uwe na nakala. Sisi wa jua kali hatuna wa kutupa likizo, ndiyo maana naisisitiza hiyo akiba. Mimi nilipata siku kumi, na nilizipata kwa sababu nilikuwa nimeshazilipia kidogo kidogo.

Bima nayo usiiache hadi wiki ya mwisho. Bima ya afya ya serikali sasa ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Piga *147# mjisajili wote wawili. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na malipo huhesabiwa kwa mwaka. Nenda katika hospitali mnayoitarajia uulize ana kwa ana bima inalipia nini pale na nini mtatoa mfukoni. Swali hilo liulizwe mchana mkiwa na utulivu, lisingoje mlango wa wodi ya wazazi.

Hatua ya 2: Amueni ni nani atakayekuja kukaa nanyi

Hili linavunja amani ya nyumba nyingi kuliko pesa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nyumba yetu ni sebule na chumba kimoja cha kulala. Mke wangu alimtaka mama yake kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini kwetu Waluhya mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, na majirani zetu Wajaluo wana mwiko huohuo. Wapo wanaosema hayo ni ya kale. Mama mkwe wangu si mmoja wao, na mimi sikutaka kumlazimisha mtu mzima avunje jambo analoliheshimu ili tu mimi nipumzike.

Tulilipanga hivi. Kwa wiki mbili alilala kwa mama mdogo wa mke wangu huko Mamboleo. Saa mbili asubuhi alifika kwa boda boda, saa kumi na moja jioni akarudi. Yeye akiwepo, mimi nilikuwa sokoni, karakana au ofisi za karatasi, ili tusipigane vikumbo jikoni. Aliosha mtoto, akapika uji, akamkanda binti yake. Jioni akitoka, mimi naingia. Mwiko ule ndio ulionifundisha ubaba, kwa sababu usiku hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumpokezea mtoto. Akilia, ni sisi wawili.

Mama yangu mzazi naye alitaka kuja mara moja, na kwake hakuna mwiko wa kumzuia. Hapa wanaume wengi hukosea. Mama yako ni mama yako, lakini kwa mkeo ni mgeni wa heshima, na mwanamke aliyeshonwa juzi hawezi kujilaza ovyo mbele ya mgeni wa heshima. Nilimuuliza mke wangu kwanza, kisha nikapiga simu Khwisero mimi mwenyewe.

“Mama, naomba uje mwezi wa pili. Mama Taji bado hajaweza kukaa vizuri.”

Alinyamaza kidogo. “Haya, baba. Basi nitume unga wa wimbi.”

Unga ulifika na matatu ya kesho yake, na omena juu. Simu kama hiyo ni yako kupiga. Usimwachie mkeo amkatalie mama mkwe wake.

Wageni wengine wa kumuona mtoto: waje kuanzia wiki ya tatu, wanawe mikono, mwenye kikohozi akae nje. Watakaokuja mikono mitupu wapikie chai wewe, si mama wa mtoto.

Hatua ya 3: Jina liwe tayari, karatasi zisomwe

Kubalianeni jina kabla. Kwetu majina huja na wazee waliotangulia, na simu za mashangazi zinaweza kuchukua wiki. Hospitali itawapa taarifa ya kuzaliwa kwa mtoto. Kabla hujatoka getini isome herufi kwa herufi: jina la mtoto, majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba, tarehe. Kurekebisha herufi moja baadaye ni safari nyingi. Omba cheti kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ndani ya miezi sita ya kwanza. Ikipita hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, wenye masharti zaidi.

Hatua ya 4: Chukua kazi nzima

Zangu zilikuwa nne: nepi zote za usiku, kufua, chandarua, na kitabu cha kliniki. Kuchukua kazi nzima ya nepi ni kujua zimebaki ngapi safi bila kuuliza, kuzianua kabla ya mvua ya alasiri inayotoka ziwani, na kuwa wa kwanza kuona upele. Mke wangu hakuwa na haja ya kuweka nepi akilini hata kidogo. Alizisahau, na kule kusahau kulimpumzisha kama usingizi.

Usiku wetu ulikwenda namna hii. Saa tisa Taji anaanza kugeuzageuza kichwa na kulamba ngumi. Hiyo ndiyo njaa, kilio huja baadaye. Namtoa kabla hajapaza sauti, nambadilisha juu ya meza ya sebule nilikotandika kanga mbili, taa ya simu imeelekezwa ukutani. Nampeleka kwa mama yake akiwa amelala ubavu, anyonye. Akimaliza namweka begani, natembea kutoka mlangoni hadi dirishani nikimpigapiga mgongo mpaka abeue, kisha namlaza chali chini ya chandarua. Mama yake hajaamka kukaa, na mara nyingine hajafumbua macho vizuri. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Ukimwokolea mama nusu saa katika kila mara ya usiku, umempa usingizi ambao hakuna zawadi ya dukani inayoufikia.

Wewe huna maziwa, lakini una hesabu. Baada ya wiki ya kwanza, nepi sita au zaidi zilizolowa mkojo kwa siku zinaonyesha anapata maziwa ya kutosha. Nilikuwa naweka alama kwa kalamu kwenye karatasi mlangoni. Shangazi alipokuja na maneno ya “maziwa hayatoshi, mpeni uji” nilimwonyesha karatasi. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kumlinda mkeo na ushauri huo ni kazi ya baba, na ifanye kwa heshima.

Kitovu kiachwe kikavu, kipakwe tu dawa mliyopewa hospitali. Majivu, kinyesi cha ng’ombe, dawa ya meno: vyote hapana.

Dalili hizi zikae kichwani, maana saa nane usiku hutapekua kitabu: mtoto hataki kunyonya kabisa, mwili una joto kali au umekuwa baridi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anapata degedege, viganja na nyayo zimegeuka njano, kitovu kina usaha au wekundu unaoenea. Mojawapo ikitokea mnaondoka usiku huohuo. Sisi wa Kondele tuko karibu na ile hospitali kubwa ya rufaa tunayoiita Russia. Wewe wa Maseno, Ahero au Nyahera tafuta mapema jirani mwenye gari, umwombe waziwazi, na namba yake ibandikwe ukutani.

Kuhusu kliniki, mpeleke mwenyewe angalau safari moja. Chanjo za kwanza hutolewa akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu ya surua na rubela akifika miezi 9. Huku kwetu kando ya ziwa kuna pia ya malaria, inayoanza akiwa na miezi 6. Ilizinduliwa nchini kule Homa Bay Septemba 2019. Haiondoi chandarua. Nilipoketi kwenye benchi nikiwa mwanamume peke yangu kati ya akina mama kama thelathini, nilipata mafunzo ya bure ya saa tatu.

Hatua ya 5: Siku arobaini za kwanza, usilale nje

Siku ya kumi na sita rafiki yangu alinipigia. Kulikuwa na mkesha wa mazishi ya mzee mmoja upande wa Luanda, Vihiga, na mpiga gitaa wao alikuwa mgonjwa. Nilikuwa sijagusa nyuzi kwa wiki mbili na vidole viliwasha. Nikamuuliza mke wangu, “Naweza kwenda?” Akasema, “Nenda tu.”

Nilirudi saa kumi na moja alfajiri. Stima ilikuwa imepotea. Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, mtoto yuko titini, simu yake imezimika kando ya goti. Nilipomshika mkono ulikuwa unachoma. Titi la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe, lina baka jekundu ukubwa wa kiganja. Alikuwa ameanza kutetemeka saa sita usiku, na saa hizo mimi nilikuwa nakaza nyuzi.

Zahanati ilisema titi limeziba na limeingia maambukizi. Alipewa dawa na kuambiwa asiache kunyonyesha titi hilo, kwani maziwa yakituama hali huwa mbaya zaidi. Homa ilishuka siku ya pili. Mimi joto la mkono ule bado nalikumbuka.

“Nenda tu” ya mtu aliyechoka si ruhusa. Siku hizi siulizi kama naweza kwenda. Nauliza, “Nikienda, nani atakuwa hapa saa nane usiku?” Nisipopata jina la mtu, siendi.

Jifunze pia dalili za hatari kwa mama: damu nyingi inayolowesha pedi haraka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Na moyo wake uutazame. Machozi yasiyo na sababu siku za tatu hadi tano ni ya kawaida, na mara nyingi hukauka ndani ya wiki mbili. Huzuni ikizidi hapo, au akisema hamwoni mtoto kama wake, au anatamani asingekuwepo, huo ni ugonjwa na unatibika. Mpeleke bila kumlaumu. Baba naye huweza kuupata. Ukijikuta huna hamu ya kitu chochote na hasira iko karibu kila saa, ongea na mhudumu wa afya kama ungeongea kuhusu malaria.

Hatua ya 6: Ipe kazi mlango wa kufunga

Wateja wangu ni wauza samaki na wenye mabucha. Friji ikifa na joto la Kisumu, wanapiga simu saa yoyote, na wana haki ya kuogopa. Mwezi mmoja kabla niliwaambia mmoja mmoja: kuanzia sasa hadi mwezi fulani, baada ya saa kumi na mbili jioni piga kwa fundi mwenzangu, namba hii. Fundi mwenyewe tulikubaliana kwamba pesa ya kazi za usiku ni yake yote, na mimi nitamshikia zake mkewe akijifungua. Kuna mteja mmoja aliyeondoka kabisa. Waliobaki walinitumia samaki wa mama mzazi.

Jambo moja dogo lilinisaidia: nikifika nyumbani nabadilisha nguo na kunawa hadi viwiko kabla ya kumgusa mtoto, halafu simu inakaa juu ya friji kwa saa nzima. Mtoto anapata mtu mzima aliyefika.

Mkeo akirudi kazini baada ya miezi mitatu mtahitaji yaya. Mtafuteni mwezi mzima kabla, ili azoeane na mtoto mama akiwepo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kukamulia maziwa, basi aulize kabla ya siku ya kurudi. Maziwa yaliyokamuliwa, kwa joto letu hili, yatumike ndani ya saa nne kama hayako kwenye friji, na mtoto anyweshwe kwa kikombe safi.

Hatua ya 7: Ndoa, dakika kumi

Kila jioni mtoto akilala, tunakaa dakika kumi na chai, na mtoto hatajwi. Mwanzoni tulikosa la kusema, tukacheka. Baadaye ndipo mambo yakatoka, mengine mazito.

Kuhusu kitandani, ngoja. Wiki sita ni kipimo cha kawaida, na ziara ya kliniki ya wiki ya sita ndiyo nafasi ya kuuliza, mkiwa wawili, pamoja na suala la uzazi wa mpango. Kunyonyesha hukinga mimba pale tu mtoto ananyonya maziwa matupu mchana na usiku, hajafika miezi sita, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, kinga imeondoka. Na mkeo akisema bado hata baada ya wiki sita, ni bado.

Hatua ya 8: Gitaa lako lipunguze, usiliuze

Mwezi wa pili nilikaribia kuliuza. Niliona ndivyo baba mwema anavyofanya. Mke wangu ndiye aliyekataa. Alisema, “Ukiliuza utakaa hapa umenuna, na mimi ndiye nitakayelipia.” Alikuwa sahihi, na nakuambia vivyo hivyo kuhusu viatu vyako vya mpira.

Tulikaa na daftari. Mazoezi ya kundi yalikuwa jioni tatu kwa wiki, yakawa moja, Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa moja. Mikesha nikaiacha hadi Taji afike miezi sita. Nyumbani nikapewa dakika ishirini na tano kila siku. Na hapa ndipo mpango wote unaposimama au kuanguka: mimi nikipata saa zangu, yeye naye anapata zake. Kila Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa sita yuko kwaya, na mimi niko peke yangu na mtoto, bila mama mkwe, bila yaya. Jumamosi ya kwanza Taji alilia saa nzima na nikatamani kumpigia. Sikumpigia. Nilimvua shati, nami nikavua langu, nikamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akatulia.

Dakika zangu ishirini na tano niliziweka alfajiri, saa kumi na moja, mtoto akiwa kwenye kanga mgongoni. Ukidonoa taratibu karibu na shingo ya gitaa, sauti haitoki nje ya chumba. Katika miezi ile nilijifunza mpigo wa dole gumba ambao miaka kumi ulikuwa umenishinda, kwa kuwa sikuwa na nafasi ya kupiga kwa nguvu.

Sasa ana miezi kumi na moja. Alhamisi mwenzangu wa chupa huja kwetu badala ya mimi kwenda, na Taji huja akitambaa moja kwa moja hadi kwenye ile Fanta. Tumempa ya plastiki yenye njugu kidogo ndani, kifuniko kimekazwa kwa gundi. Ya kioo na misumari yake vinakaa juu ya kabati.